Nishani ya Kupiga Pasi

Kazi yangu ni kutengeneza heshima za watu wengine. Duka letu liko Doha, mtaa wa Al Mansoura, ghorofa ya chini, katikati ya kinyozi na duka la mapazia, na humo tunachonga vikombe vya mashindano, ngao, vibao vya milangoni na vile vipande vizito vya kioo ambavyo makampuni huwapa wafanyakazi wanaoondoka. Nimekaa hapo miaka kumi. Maneno "kwa utumishi uliotukuka" nimeyachonga mara nyingi mno, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, hata siku hizi mkono unajiendea wenyewe huku mimi nikiwaza chakula cha mchana.

Karakanani tuko wawili tu. Mimi nachora kwa kompyuta na kuendesha mashine. Fundi mkuu ni mzee wa Kihindi ambaye kila mtu humwita Chacha, yaani baba mdogo. Alizaliwa katika mji wa wafua shaba, na sijawahi kumsikia akisifu kitu cha shaba kilichotoka mikononi mwa mtu mwingine. Tunaelewana kwa Kiingereza cha dukani, na kikituishia tunatumia mikono. Mimi nina hasira za karibu, yeye ana dharau za kudumu, kwa hiyo siku zinaenda.

Aliyenileta Doha ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Alikuwa amenitangulia huku kwa miaka kumi na mitatu. Alikuwa anapiga pasi katika hoteli moja ya West Bay, chini kabisa ya jengo, katika chumba kisicho na dirisha, na ndiye aliyesikia kwamba kuna duka linatafuta mtu wa kuchora. Alinipigia simu Kakamega siku hiyohiyo akaniambia niache kuzunguka na bahasha za kuombea kazi. Mwaka wangu wa kwanza hapa alinipikia kila Ijumaa, na ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuvuka barabara za huku bila kuacha roho katikati.

Shukrani yangu ilikuwa hii. Ijumaa tulikuwa tunakwenda pamoja ibadani Mesaimeer, kwenye boma la makanisa, na ibada ikiisha Wakenya husimama uani na chai wakiulizana habari za kazi. Pale kuna manesi, kuna watu wa kompyuta, kuna wahasibu. Siku moja bwana mmoja mwenye suti, mtu wa benki, aliniuliza shangazi yangu anafanya wapi. Nikasema, "Yuko hoteli, West Bay. Upande wa menejimenti." Sijui lilitoka wapi. Nilipogeuka, shangazi alikuwa nyuma yangu ameshika sahani mbili za chapati. Akanipa yangu. Hakusema neno, siku ile wala baadaye. Afadhali angenitukana.

Miaka ikapita hivyo, naye akaendelea kunipikia.

Mwaka jana, wiki kama sita kabla shangazi hajarudi nyumbani kabisa, aliingia dukani mwanamke wa Kiuzbeki, mwalimu wa hesabu katika shule moja hapa mjini. Alikuwa na kitu amekifunga ndani ya leso. Alikifungua juu ya kaunta taratibu, kona moja baada ya nyingine, na Chacha, ambaye huwa hainuki kwa ajili ya mteja yeyote, aliinuka.

Ilikuwa Nishani ya Bendera Nyekundu ya Kazi. Mwalimu alituambia ni ya Muungano wa Kisovieti, nchi ambayo haipo tena, na kwamba aliyepewa ni bibi yake, mfumaji katika kiwanda cha pamba. Niliichukua kiganjani. Chini ya yote kuna gurudumu la meno la fedha, kama la mashine, na ukingoni mwake kuna maandishi yanayowaita wafanyakazi wa nchi zote waungane. Limezungukwa na majani ya mwaloni yaliyopakwa dhahabu. Katikati kuna nyundo na mundu, na nyuma yake bwawa la umeme na mto wa buluu. Juu inapepea bendera nyekundu yenye herufi nne za jina la nchi. Yote hiyo imening'inia kwenye utepe wa buluu hafifu, wenye mistari ya buluu iliyoiva pembeni.

Bendera ilikuwa imebanduka rangi kwenye ncha. Nikamwambia mwalimu tunaweza kuijaza. Chacha akaniwekea mkono kifuani.

"Hii ni kioo na moto," alisema, akiwa bado ana lenzi jichoni. "Wamesaga kioo, wamemwaga, wamechoma. Sisi tuna gundi ya rangi. Usiiguse."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiheshimu kazi ya mtu.

Mwalimu hakutaka ijazwe. Alitaka fremu, tena yenye kioo mbele na nyuma. Nilipokuwa napima, alitusimulia. Nishani ile ilianzishwa miaka ya ishirini ya karne iliyopita, ndugu wa kiraia wa nishani ya Bendera Nyekundu waliyopewa askari. Zile za mwanzo hazikuwa na utepe. Zilikuwa na msumari wa parafujo kwa nyuma, na mtu alilazimika kutoboa koti lake ili aivae. Utepe ulikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kulikuwa na wakati aliyeivaa alipanda tramu bure, kisha hilo likaondolewa. Na si watu peke yao waliopewa. Viwanda vilipewa, miji ilipewa, hata magazeti.

Nikamuuliza kama bibi yake alijenga bwawa.

"Bwawa hakuwahi kuliona," alisema, akacheka. "Kila mtu alipewa bwawa. Mfumaji bwawa, mkamuaji wa ng'ombe bwawa. Alikuwa akilalamika kwamba wangeweka hata uzi mmoja."

"Na kioo cha nyuma ni cha nini?"

Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu, isipokuwa nambari ndefu iliyochongwa kwa mkono. Kila nishani ilikuwa na nambari yake, alisema, na nambari hiyohiyo iliandikwa katika kijitabu pamoja na jina la mwenyewe. Bibi yake aliijua kwa moyo. Alipozeeka akasahau majina ya wajukuu, nambari aliitaja bila kukosea. Mwalimu alitaka watoto wake waione.

Hilo la nambari lilinikaa kichwani, na ndilo lililoniponza.

Wiki ileile hoteli ya shangazi ilituletea oda, vipande kumi na vinane vya kioo kwa wafanyakazi wanaoondoka. Orodha ilikuja kwa kompyuta kama kawaida: jina, idara, nambari ya mfanyakazi. Mstari wa kumi na moja ulikuwa wake. Dobi, 417. Nilichonga kumi vya kwanza nikinywa chai, na nilipofika cha kumi na moja nikazima mashine nikakaa. Ningemchongea maneno yaleyale, kwa herufi zilezile za milimita nane, na angeyabeba ndani ya begi mpaka Kakamega akayaweke juu ya kabati. Angejua ni mimi niliyeyachonga. Niliona aibu hata masikio yakapata moto.

Nilikichonga, maana oda ni oda. Kisha nikamwambia Chacha nataka kutengeneza nishani, ya shaba, kwa muda wangu mwenyewe.

"Ya nani?"

"Shangazi yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Hoteli."

"Hoteli ni jengo," alisema Chacha. "Mikono yake inafanya nini?"

"Inapiga pasi."

"Basi chora pasi."

Nikaanza kumchimba shangazi kwa simu, nikijifanya nina mazungumzo tu. Nguo ngumu ni ipi? Kanzu, alisema, zile nyeupe za Waarabu, kwa sababu ya kola. Kola unaanza upande wa ndani. Unaanzia kwenye ncha, unakuja katikati, ncha hii kisha ncha ile. Ukianzia katikati unasukuma kitambaa chote kwenda nje, kinajikunja nchani, na mwenye kanzu ataona hata kama wewe huoni. Niliandika yote. Aliniuliza kama nataka kuacha kuchora nikawe dobi. Nikasema nafikiria. Akasema sina mgongo wa kazi hiyo.

Nilichora kwa wiki mbili. Badala ya majani ya mwaloni nilipanga hanga za nguo, moja ikishika bega la nyingine, mpaka zikafunga duara. Mahali pa bwawa niliweka kola ya kanzu, na juu yake pasi ya mvuke imetua kwenye ncha ya kulia, pua yake ikielekea katikati. Bendera yangu ilikuwa shuka nyeupe. Chacha alitia rangi kwa sindano, akinung'unika kwamba gundi ni gundi tu, lakini alirudia shuka lile mara nne. Utepe tulipata kwa fundi cherehani wa jirani, buluu, karibu sawa na aproni ya shangazi.

Nyuma nikachonga nambari. Sikuifikiria mara mbili. Nilikuwa nimeiona 417 kwa miaka tisa: kwenye ndara zake, kwenye chupa yake ya maji, kwenye kifuniko cha bakuli alilonipikia maharagwe, hata ndani ya jalada la Biblia yake, kwa wino wa kudumu. Nikajiambia, huyu naye nambari yake anaijua kwa moyo. Nikaichonga kwa mkono, kama ile ya Kisovieti, na niliridhika na nafsi yangu vibaya sana.

Siku aliyopumzika tulikutana mkahawa wa chai ng'ambo ya duka. Zilikuwa zimebaki siku tano asafiri. Nikamsukumia kisanduku. Alifuta mikono kwanza, akakifungua, akakaa muda mrefu akitazama. Aligusa hanga moja moja kwa ukucha. Aliinamia pasi.

"Umeiweka vizuri," alisema. "Inatoka kwenye ncha."

Nilitaka kulia pale pale, jitu zima. Kisha akaigeuza.

Uso wake haukukunjamana. Ulitulia tu, ule utulivu niliouona siku ya chapati. Aliirudisha ndani ya kisanduku, akafunga, akakisukuma upande wangu wa meza, akamaliza chai yake. Akasema basi la hoteli linapita saa kumi na moja na hataki kulikosa.

"Anti, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, baba. Mimi nimechoka tu."

Ananiita baba kwa sababu nimechukua jina la babu, yaani baba yake. Siku nyingine neno hilo hunifurahisha. Siku hiyo lilinichoma. Nilirudi dukani nikaweka kisanduku mezani, na Chacha alipouliza nikamfokea, naye akanijibu kwa lugha yake maneno ambayo nadhani nilistahili.

Siku mbili sikulala vizuri. Nilihesabu makosa yote yanayowezekana. Labda alidhani namdhihaki. Labda alitaka dhahabu. Labda alikuwa akingoja miaka yote nimwombe radhi kwa mdomo, na mimi nimemletea shaba. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli, na kwa sababu lilikuwa na ukweli nikalipita haraka.

Alhamisi asubuhi shangazi alisukuma mlango wa duka letu. Alikuwa hajawahi kuja. Alimsalimu Chacha kwa kuinamisha kichwa, Chacha akampa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, ambacho mimi siruhusiwi hata kuegemea.

"Kilete," alisema.

Nikakileta. Akaitoa nishani, akaiweka kaunta ikiwa imelala kifudifudi, nambari juu.

"Unajua ni wangapi pale chini wanajua jina langu?" aliuliza. "Wawili. Msimamizi wa sasa ni wa saba tangu niingie. Wote ni hivyohivyo. Mia nne kumi na saba, kanzu za ghorofa ya thelathini. Mia nne kumi na saba, kwa nini shuka zimechelewa. Nikiugua, wanaandika mia nne kumi na saba hayupo."

"Lakini umeiandika kila mahali. Hata kwenye Biblia."

"Pale tunapolala vitu vinapotea! Ndara usipoziandika kesho zina miguu ya mwingine. Ulidhani naipenda?" Sauti ilimpanda, kisha akaishusha. "Hoteli kuniita hivyo, sawa, watu ni mia sita. Lakini wewe, baba. Wewe jina langu unalijua."

Nikamweleza habari za yule mwalimu na bibi yake, jinsi nambari ilivyokuwa kitu cha fahari kwake, na nilivyodhani ni kitu kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Shangazi ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, hata anapokuwa na hasira, na ndiyo tofauti kubwa kati yake na mimi.

Nikaiweka nishani kwenye jiwe la kusagia. Nambari haikuwa imeingia ndani sana. Tarakimu tatu zilifutika moja baada ya nyingine: saba, moja, nne. Vumbi la shaba likaniingia puani. Chacha akainyakua, akaisugua nyuma kwa kitambaa, akampa shangazi aikague. Palikuwa pameng'aa, hapana kitu.

"Ile ya bibi wa Kirusi," alisema shangazi.

"Mfumaji. Wa Uzbekistani."

"Huyo. Nambari yake ilikuwa ya nini? Ya kiwandani?"

"Hapana. Ilikuwa ya nishani yenyewe. Ya ngapi kutengenezwa."

"Na hii ni ya ngapi?"

"Hii? Ni hii tu. Ya kwanza."

"Basi andika hiyo."

Nikachukua patasi. Nikamwomba Chacha aishike. Mstari mmoja tu, wa kusimama, na kijiguu chini. Sijawahi kuchonga kitu kifupi hivyo kwa muda mrefu hivyo. Shangazi aliupitishia kidole, akapuliza vumbi, akaiweka ndani ya mkoba wake bila kisanduku. Nikasema, "Anti, na ile siku ya Mesaimeer, nilipomwambia yule bwana..."

"Hayo si ya kuniambia mimi," alinikata. "Mimi najua ninafanya nini."

Akaondoka kuwahi basi. Chacha hakuniuliza alichosema. Alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha mto, akasema kwamba mwanamke yule anafahamu kazi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa yake ya mwisho. Tulipita ukaguzi wa mabegi getini, tukaingia ibadani, tukaimba. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolipiga pasi mwenyewe, bila shaka, na kifuani upande wa kushoto ilikuwa nishani. Watu walimwombea safari njema. Baada ya hapo tukatoka uani, kwenye chai, na yeye akaenda kwenye foleni ya chapati, maana hata siku ya kuagwa hakubali kuhudumiwa.

Yule bwana wa benki alikuwepo. Suti nyingine, tumbo lilelile. Alimkuta shangazi akirudi na sahani mbili, akamsimamisha kumtakia safari njema, na macho yakamwangukia kifuani.

"Hii ni kali! Ni ya nini?" aliuliza, akiinama kuitazama. "Ni ya menejimenti?"

Shangazi alinitafuta kwa macho juu ya bega la yule bwana, akanipata.

"Muulize huyu," alisema.

Nilikuwa na chai mkononi, ya moto. Niliiweka chini, juu ya saruji, kwa sababu nilijua nitaimwaga.

"Ni ya kupiga pasi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, manesi wawili wakageuka. "Shangazi yangu amepiga pasi pale hotelini miaka ishirini na miwili. Chini kabisa, hakuna dirisha. Kanzu, shuka, kila kitu. Mimi ndiye niliyekwambia ni menejimenti. Nilikudanganya, kwa sababu niliona haya, na yeye alinisikia."

Sidhani bwana yule alikuwa anaikumbuka siku yenyewe. Kwa adabu akauliza kama anaweza kuona upande wa nyuma, na shangazi, mikono imejaa sahani, akamruhusu kwa kichwa. Akaigeuza kwa vidole viwili.

"Nambari moja," alisoma.

"Na miezi saba," shangazi alisema, lakini alikuwa anasema na mimi. "Miaka ishirini na miwili na miezi saba. Ukiamua kusema, sema yote."

Akanipa sahani yangu.